Mshindo na Mlio: Maelezo juu ya Sauti ya Gitaa la Besi, kwa Mifano ya Lugha za Karatu na Ngorongoro

Neno "sauti" limetwishwa kazi nyingi mno katika Kiswahili. Kwa neno hilo moja twataja sauti ya mtu na sauti ya ngoma, sauti ya juu na ya chini, sauti kubwa na ndogo, nene na nyembamba. Na sisi wanaisimu tumeliongezea mzigo kwa kuziita irabu na konsonanti "sauti za lugha". Katika mazungumzo ya kila siku jambo hili halileti udhia, maana mazingira ya usemi hutufahamisha lililokusudiwa. Lakini palipo na kazi ya ufundi, hasara yake huonekana upesi. Tuseme mtu wa Karatu ataka gitaa la besi kwa ajili ya kwaya au bendi ya hoteli, naye analiagiza kwa simu kutoka Arusha. Akisema kwamba ataka chombo chenye "sauti nzito", muuzaji aweza kuelewa mambo manne yasiyofanana, na fedha iliyowekwa kwa miezi mingi yaweza kununua chombo chenye sifa tatu na kukosa ile ya nne iliyotakiwa.

Makala haya yanakusudia kueleza ni nini kiifanyacho besi moja isilingane na nyingine kwa namna sauti yake inavyoanza na kwa namna inavyosikika baada ya kuanza. Papo hapo twataka kuonyesha kwamba Kiswahili hakina umaskini wa maneno katika jambo hili. Tofauti zinazohitajiwa na fundi zimo tayari katika lugha, ila hazijakusanywa mahali pamoja zikapewa kazi maalum.

1. Mambo manne ndani ya neno moja

Jambo la kwanza ni kidatu, yaani sauti kuwa ya juu au ya chini. Hiki hutokana na wingi wa mitetemo kwa sekunde. Besi ya kawaida ina nyuzi nne, na zikivutwa kama ilivyo desturi, hutetemeka kiasi cha mara 41, 55, 73 na 98 kwa sekunde. Jambo la pili ni ukubwa, ambao katika chombo cha umeme wategemea zaidi amplifaya na spika. La tatu ni mwanzo wa sauti, namna inavyozuka: kwa ghafla au kwa upole, kwa ukali au kwa ulaini. La nne ni hali ya sauti yenyewe ikishazuka: nene, nyembamba, ya kung'aa au ya kufifia.

Besi mbili zilizovutwa sawasawa hazitofautiani kwa kidatu, na kwa amplifaya twaweza kuzilinganisha ukubwa. Hata hivyo mtu yeyote mwenye sikio atasema kwamba si besi moja. Basi tofauti imo katika jambo la tatu na la nne. Jambo la tatu tutaliita mshindo, na la nne tutaliita mlio. Ule mkia wa sauti unaobaki ukififia tutauita mvumo.

2. Ushahidi wa Kiswahili chenyewe

Msomaji aweza kuuliza kama maneno haya tumeyachagua kwa kupenda tu. Jibu letu ni kwamba lugha imetutangulia. Tazama kwanza tanakali za sauti. Kitu kikianguka chini huanguka pu; kikianguka mchangani, tifu; kikianguka majini, chubwi. Tanakali hizi hazisemi lolote juu ya kidatu. Zasema kitu kimegonga nini, na kimegonga namna gani. Konsonanti yaonyesha mshindo: p ya "pu" ni ya kugonga mara moja, na f ya "tifu" ni ya vumbi linalotawanyika. Irabu nayo yaonyesha mlio: vitu vizito hupewa u mara nyingi.

Pili, tazama vitenzi vya kupiga gitaa. Mtu hulicharaza, hulikung'uta, hulipapasa, hulichuna. Vyote hivyo ni kupiga, lakini hakuna kimoja kiwezacho kuchukua nafasi ya kingine bila maana kugeuka. Akung'utaye hutoa mshindo mkali, apapasaye huuficha.

Tatu, yako majina ya ngoma. Vumi ni ngoma ya sauti ya chini, na jina lake latokana na kuvuma. Chapuo ni ndogo, na mshindo wake husikika juu ya nyingine. Methali nayo yatuambia kwamba debe tupu haliachi kuvuma, yaani wahenga walikwisha kutambua uhusiano uliopo baina ya uwazi wa chombo na mvumo wake. Tutaurudia uhusiano huo tutakapolitaja gitaa lenye tumbo tupu.

3. Mshindo

Wilaya ya Karatu na eneo la Ngorongoro ni mahali pa pekee kwa mwanafunzi wa fonetiki. Ndani ya mwendo wa siku moja aweza kusikia Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi. Kidatooga na Kimaasai, ambazo ni za Kinilo. Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu. Na kandokando ya Ziwa Eyasi, Kihadza, ambacho bado hakijathibitishiwa jamaa yoyote. Utajiri huu ulivuta wataalamu tangu zamani: W. H. Whiteley, aliyefanya kazi kubwa katika Kiswahili, alichapa maelezo mafupi ya Kiiraqw mwaka 1958, na Maarten Mous akatoa sarufi kamili mwaka 1993. Kwa kusudi letu, lugha hizi zatupatia mifano mitatu ya mshindo ambayo sikio la mtu wa huko halihitaji kufundishwa.

Mfano wa kwanza ni konsonanti za Kiiraqw ziandikwazo ts na tl, kama katika neno tsar, yaani "mbili". Katika kuzitamka, hewa hufungiwa baina ya koo na ulimi, ikabanwa, kisha ikaachiliwa kwa ukali kabla irabu haijaanza. Mshindo na irabu hutengana kwa nukta ndogo, na sikio huvipata viwili kila kimoja peke yake. Hivyo ndivyo inavyolia besi yenye nyuzi mpya za duara ikipigwa karibu na daraja kwa kijipande cha plastiki: kwanza mkwaruzo mkavu, kisha noti.

Mfano wa pili ni vidoko vya Kihadza. Kidoko ni kifupi, ni kikubwa, na chaweza kusikika mbali kuliko konsonanti nyingi. Kwa besi, jamaa yake ni ule upigaji wa kidole gumba ulioenezwa na Larry Graham wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Gumba huugonga uzi, nao hujipiga juu ya freti, yaani vile vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni. Vyuma viwili vikikutana, hutoa kidoko.

Mfano wa tatu ni b, d, j na g za Kimaasai, ambazo hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani kidogo. Nasi wasemaji wengi wa Kiswahili twazitamka hivyo hivyo bila kufahamu. Hapa mtetemo wa koo huanza kabla midomo haijafunguka, kwa hiyo sauti huzuka kama inayovimba, wala hakuna mkwaruzo. Besi yenye nyuzi za bapa, ikipigwa kwa nyama ya kidole gumba mbali na daraja, huzuka namna hii. James Jamerson, aliyepiga besi katika santuri nyingi za Motown huko Detroit, alitumia nyuzi za bapa na kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja, akazipiga kwa kidole kimoja cha shahada. Mvumo wake ukawa mfupi, na kila noti ikasimama peke yake.

Kwa nini mshindo uwe na uzito mkubwa hivi katika besi kuliko katika vyombo vingine? Sababu yake ni hesabu nyepesi. Uzi unaotetemeka mara 41 kwa sekunde, katika sehemu ya kumi ya sekunde umetetemeka mara nne tu. Sikio lahitaji mitetemo kadhaa ili litambue kidatu, kwa hiyo mshindo hufika kwanza, na kidatu huja nyuma yake. Mcheza dansi hufuata mshindo. Besi isiyo na mshindo, hata ikipigwa kwa wakati wake barabara, husikika kana kwamba imechelewa.

Chombo chenyewe nacho kina sehemu yake. Besi ya Precision ya Leo Fender, iliyotolewa Marekani mwaka 1951, ilikuwa na pikapu (yaani sumaku iliyozungushiwa waya ili kuugeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme) yenye nukta moja ya sumaku chini ya kila uzi. Mwaka 1957 pikapu hiyo ilibadilishwa: ikakatwa vipande viwili, na kila uzi ukapewa nukta mbili, moja upande huu na moja upande huu. Uzi ukitikisika kwa nguvu huondoka juu ya nukta moja huku ukiikaribia ya pili, na ukali wa mwanzo hupungua. Mkono wa mpigaji ulibaki ule ule, lakini mshindo ukalainika.

4. Mlio

Uzi hautetemeki kwa namna moja tu. Wote mzima hutetemeka, na wakati huo huo nusu zake hutetemeka mara mbili kwa haraka, theluthi zake mara tatu, robo zake mara nne, na kuendelea. Mtetemo wa uzi mzima tutauita sauti msingi, na mingine tutaiita sauti andamani. Mlio ni mgawanyo wa nguvu baina ya hizo zote. Jambo hili si geni kwa mwanafonetiki: mtu akiimba i na u kwa kidatu kimoja, koo latoa sauti andamani zile zile, ila kinywa huzikuza baadhi na kuzififisha nyingine. Basi tuulize: katika besi ya umeme, kinywa ni kipi?

Kwanza ni mahali pa pikapu. Sumaku husikia tu kile kinachotikisika juu yake. Ikiwekwa robo ya urefu wa uzi kutoka darajani, haitasikia sauti andamani ya nne, kwa kuwa mahali hapo mtetemo huo umetulia kabisa. Mpigaji akibonyeza uzi kwenye freti ya 12, urefu wabaki nusu, na pikapu ile ile sasa imo katikati. Hapo itapoteza sauti andamani ya pili. Ndiyo sababu pikapu moja haitoi mlio mmoja kwa noti zote. Kwa jumla, pikapu iliyo karibu na shingo, kama ya Gibson EB-0 ya mwaka 1959, husikia zaidi sauti msingi, nayo hulia mfano wa u. Iliyo karibu na daraja husikia sauti andamani nyingi, nayo huelekea i. Besi ya Jazz ya Fender, iliyotoka mwaka 1960, ina pikapu mbili, na mpigaji aweza kuzichanganya kama mtu ageuzaye kinywa. Music Man StingRay ya mwaka 1976 iliongeza betri na kikuza sauti kidogo ndani ya gitaa lenyewe, ili sauti andamani za juu zisipotee njiani katika waya.

Pili ni mahali pa kidole, na kanuni yake ni ile ile: kidole hakiwezi kuamsha mtetemo uliotulia mahali kilipogusa. Kwa hiyo mkono ukisogea inchi mbili, mlio hugeuka, na hakuna fedha iliyotumika.

Tatu ni nyuzi. Uzi wa bapa, uliozungushiwa utepe laini, huua upesi sauti andamani za juu. Uzi wa duara huziacha hai. Uzi wa duara ukizeeka, jasho na vumbi hujaa katika mizunguko yake, ukaanza kulia kama wa bapa. Katika nchi ya udongo mwekundu kama Karatu, vumbi la kiangazi halina subira. Wapigaji wa sehemu nyingi duniani huzichemsha nyuzi kuukuu majini. Uchafu hutoka, na mng'ao hurudi kwa muda.

Nne ni urefu wa uzi. Precision ina inchi 34 kutoka kizingiti cha shingo mpaka darajani. Höfner 500/1 ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1956 na ambayo Paul McCartney aliinunua Hamburg mwaka 1961, ina inchi 30 tu. Uzi wa aina moja, kwa kidatu kimoja, huhitaji kuvutwa kwa nguvu iliyozidi kwa zaidi ya robo ukiwekwa katika inchi 34. Uzi uliolegea hutikisika kwa upana na kuzuka kwa ulaini. Uliokazwa hujibu kwa haraka. Tena Höfner hiyo ina tumbo tupu. Kwa hiyo hulia kwa unene na kufifia mapema, maana mbao nyembamba hula nguvu ya uzi. Hapa yatupasa kuisoma methali kwa uangalifu: debe tupu huvuma kwa nguvu, lakini haivumi kwa muda mrefu.

5. Mbao na ukungu

Wako wasemao kwamba siri yote ya besi imo katika aina ya mti wa kiwiliwili. Kwa gitaa lisilo na tumbo tupu, maneno hayo yamezidi kipimo: nyuzi, pikapu na mkono vina nguvu kubwa zaidi. Shingo ndiyo mbao yenye neno. Nayo hutetemeka, na pale mtetemo wake unapolingana na wa noti fulani, huinyonya noti hiyo. Ndiyo maana katika besi nyingi kuna noti moja au mbili, aghalabu katika uzi mwembamba kati ya freti ya tano na ya saba, ambazo hufa upesi. Mwenye besi ya namna hiyo asidhani kwamba ameuziwa kitu kibovu. Ni tabia ya shingo.

Shingo yabadilika pia kwa hali ya hewa, na hapa Ngorongoro yatufundisha. Barabara kutoka Mto wa Mbu hupanda mpaka Karatu, kisha hufika ukingo wa kreta, ambako ni juu kwa zaidi ya meta 2,000 na ukungu hulala asubuhi nyingi. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, hasa kukingama na nyuzinyuzi zake. Bendi ikitoka kwenye joto kavu la bondeni na kupiga hotelini ukingoni, baada ya siku chache shingo yaweza kujipinda. Ikinyooka kupita kiasi, nyuzi hugusa freti na mshindo hupata mlio wa nzi. Ikijikunja mbele, nyuzi huinuka, vidole huchoka, na noti hupoteza usahihi. Dawa yake imo ndani ya shingo: ni ule ufito wa chuma unaokazwa au kulegezwa kwa ufunguo mdogo, robo ya mzunguko kwa wakati. Asiyejua tofauti ya mshindo na mlio atabadilisha nyuzi, au gitaa zima, kwa kosa ambalo ufunguo ungelimaliza.

6. Besi ndani ya redio ndogo

Tukio moja la historia yetu ya muziki lathibitisha haja ya kutenga mambo haya. Katika miaka ya 1970 na 1980 watu wengi walizisikia bendi za dansi kwa redio ndogo za betri, na spika ya redio ya namna hiyo haiwezi kutoa mitetemo 41 kwa sekunde. Lakini wasikilizaji waliisikia besi, wakacheza. Sababu ni kwamba sikio likipata sauti andamani za 82, 123 na 164, huijenga lenyewe sauti msingi isiyokuwapo. Besi iliyojaa sauti msingi tu ingepotea kabisa redioni; iliyokuwa na mshindo dhahiri na sauti andamani za kutosha ilipita.

Mfano wake haukosi uhusiano na mkoa wetu. Ndugu Wilson na George Kinyonga, waliotoka Tanga, waliunda Arusha Jazz mjini Arusha mwaka 1970, kisha wakahamia Nairobi na kujulikana kwa jina la Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa kundi hilo walijitenga wakaunda Les Wanyika, na Tom Malanga akapiga besi. Katika "Sina Makosa", wimbo wao uliojulikana kuliko yote, magitaa yamepangwa kwa nafasi, na besi yasimama wazi kama msemaji mmojawapo. Msikilizaji aweza kuitambua hata kwa spika isiyozidi kiganja.

Wala tusisahau kwamba kazi ya besi ni ya kale kuliko umeme. Katika uimbaji wa Kimaasai, olaranyani huongoza juu, na kundi humwitikia kwa sauti za chini za kooni zinazorudiwa kwa mpigo. Mwenye kutaka kujua mshindo bila mkwaruzo ni nini, na asikilize hapo kwanza.

7. Kwa kumalizia

Twapendekeza basi kwamba katika mafundisho na maandishi ya muziki, kidatu kitumike kwa juu na chini, ukubwa kwa nguvu, mshindo kwa mwanzo, mlio kwa hali, na mvumo kwa mkia. Na neno sauti liachiwe kazi yake ya jumla. Maneno haya yote yamo vinywani mwa watu, wala hatukulazimika kuyaomba ng'ambo. Mwalimu wa muziki Bagamoyo, fundi wa Arusha na mpigaji wa Karatu wataelewana kwayo bila kamusi.

Turudi kwa yule mnunuzi wetu. Akitaka kuitegemeza kwaya kwa unene bila kuifunika, na aseme: mlio wa u, mshindo laini, mvumo mfupi, muuzaji atampa gitaa lenye pikapu karibu na shingo, na nyuzi za bapa. Akitaka kuwachezesha watu ukumbini, na aseme: mshindo mkavu, mlio wa kati. Na akisema ataka "sauti nzito" tu, muuzaji mwema hana budi kumwuliza swali moja kabla ya kupokea fedha: uzito huo wautaka mwanzoni mwa noti, au baada yake?